Mche wa Nyanya Hutazamwa Shingoni

Mche mrefu si mche mzuri. Naandika nikiwa na hasira kidogo, maana juzi, kando ya barabara ya Tunduma, nimeona trei za nyanya zikishangiliwa. Miche imerefuka hadi inalala kila lori likipita, na watu wazima wa hapa kwetu Ihanda, waliokulia kwenye vitalu vya kahawa, wanaipiga picha. "Hii imestawi!" Imestawi wapi? Imekimbilia mwanga tu.

Tukumbushane kwanza kwa nini tunawahi kusia. Mvua zetu huanza Novemba, na zikishakolea Januari, ugonjwa wa bakajani chelewa hauna huruma na nyanya ya mtu. Ukisia mwishoni mwa Agosti ukapandikiza mwanzoni mwa Oktoba, ukaimwagilia kwa keni, unaanza kuchuma karibu na Krismasi, wakati wenzako ndiyo kwanza wanafunga kamba. Lakini kuwahi na mche mbovu ni kuwahi hasara.

Mnunuzi mgeni hutazama juu: majani mangapi, kijani kiasi gani. Mjuzi huinama. Hutafuta yale majani mawili ya kwanza, membamba, yaliyotoka na mbegu, ambayo hakuna anayeyasifia. Kwenye mche wa wiki tano uliolelewa vizuri bado yapo, bado ni ya kijani. Kama yamegeuka manjano au yamepukutika, mche huo uliwahi kushinda njaa, au kiu, au kubanana na wenzake, hata kama leo umependeza. Halafu pima shingo, kutoka udongoni hadi kwenye majani hayo. Iwe fupi na nene, yenye rangi ya zambarau iliyofifia. Urefu wake huamuliwa siku chache tu baada ya kuota: mwenye kitalu akichelewa kuondoa nyasi, au akisia kwa kumwaga kama anayelisha kuku, shingo inarefuka na hairudi tena. Mbolea haiifupishi.

Zambarau nayo ina mtego wake. Ya shinani ni jua na baridi ya usiku, ifurahie. Ikiwa upande wa chini wa majani, mche unakosa fosforasi, na udongo ukiwa wa baridi, mizizi hushindwa kuinyonya hata kama ipo. Nimemsikia muuzaji akiisifu hiyo ya pili kuwa ni "mbegu ya kisasa".

Matapeli wanajua tusichokitazama. Kuna anayenyunyizia yurea siku mbili tatu kabla ya gulio. Majani ya juu yanakolea rangi hadi karibu yawe meusi, ila yale mawili ya chini hayadanganyiki, yanabaki manjano. Basi huyachuma. Pitisha kidole shinani: ukikuta makovu mawili yanayotazamana, mabichi bado, rudisha mche ulipoutoa. Mwingine hufunga miche mafungu na kuizungushia tope na jani la mgomba hadi juu ya shingo, eti isikauke. Mwambie afungue.

Mama mmoja jirani yetu, marehemu sasa, aliyejifunza kulea miche kwenye kahawa kabla hajagusa nyanya, hakuwahi kuuza mche bila kuung'oa mmoja mbele ya mteja. Aliugonga taratibu kwenye kiganja udongo udondoke, akaonyesha mizizi: myeupe, mingi, imetawanyika. Wiki ya mwisho aliinyima maji makusudi. Saa saba mchana miche ilikuwa imelegea yote, wapita njia wanamhurumia, na ikifika saa kumi na moja imesimama tena. Miche iliyozoeshwa hivyo haikuhitaji kubembelezwa bustanini. Ile ya trei ninayoiona siku hizi imekaa hadi mizizi inazunguka humo humo ndani, inanyweshwa asubuhi na jioni, na ugonjwa wa kinyausi ukiingia wanasema ni hali ya hewa. Maji ya jioni kitaluni ni uvivu. Na tuta lililochomewa takataka, mistari ikapishana sentimita kumi au kumi na tano, hushinda trei yoyote; sitaki ubishi.

Na mche huanzia kwenye mbegu. Zamani mbegu ilikaa kwenye kibuyu, imechanganywa na majivu, na kila nyumba ilijua nyanya yake. Hata aina ya Tengeru 97, iliyobeba mwaka wake kwenye jina, unaweza kuikamulia mbegu ukapata nyanya ileile msimu ujao. Jaribu hivyo kwa chotara ya dukani uone watoto wasiofanana na mama.

Turudi shingoni. Shingo ndefu ya nyanya ina msamaha kidogo: uizike, itatoa mizizi. Kabichi haisamehe kama nyanya. Yenye shingo ndefu iliyoachwa juu ya udongo itayumba hadi siku ya kufunga kichwa, kama itafunga. Kabichi pia ikiwa changa inafanana mno na chainizi, na wapo wanaozichanganya wakijua.

Vitunguu havipimwi hivi kwa sababu havina majani mawili ya mbegu; hutoka na moja lililokunjika kama goti. Vinataka wiki sita hadi nane kitaluni. Anayekuletea miche ya vitunguu ya wiki tatu, mpishe apite.