Mfululizo Uliochaguliwa: Kosa la Kramnik katika Kuwasaka Walaghai wa Sataranji ya Mtandaoni

Katika juhudi za kuwanasa wanaosaidiwa na kompyuta kwa siri kwenye sataranji ya mtandaoni, ni vigumu kupata uamuzi uliopotosha hesabu kuliko ule wa Novemba 2023, ambapo Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wa zamani, aliuchomoa mfululizo mmoja wa Hikaru Nakamura, mchezaji nyota wa Marekani, wa pointi 45.5 katika michezo 46, akauanika hadharani kuwa wa kutiliwa shaka. Mfululizo huo, yaani ushindi 45 na sare moja, ulikuwa wa kweli. Kasoro ilikuwa katika namna ulivyochaguliwa.

Mchezaji mwenye makumi ya maelfu ya michezo ya kasi, ile ya dakika chache kwa kila upande, lazima apate vipindi vya neema na vya ukame, na anayepekua rekodi nzima hadi akutane na kipindi kinono kuliko vyote, kisha akakipima kana kwamba hakuna kingine, amekwisha kujipa jibu kabla ya kupiga hesabu. Kwa kanuni ya Elo, inayokadiria matokeo kwa tofauti ya viwango, anayemzidi mpinzani kwa pointi 400 hutarajiwa kuvuna takriban pointi 0.91 kwa kila mchezo; 0.91 hiyo ikichukuliwa kuwa uwezekano wa kushinda, ushindi 46 bila kukatika hutokea takriban mara 1 katika 80. Kwa mtu aliyewakabili wapinzani dhaifu mara elfu nyingi, hilo halina budi kutokea, na Jeffrey Rosenthal, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, alipoichunguza rekodi hiyo hakuona la ajabu.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba Kramnik mwenyewe alikwisha kuonewa kwa hesabu za namna hii. Huko Elista, Urusi, mwaka 2006, kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, Silvio Danailov, meneja wa mpinzani wake Veselin Topalov, alitangaza asilimia ya hatua za Kramnik zilizolingana na programu ya Fritz 9, ilhali asilimia tupu hujumuisha hata hatua za lazima, kama kulipiza kete iliyoliwa, ambazo kila mchezaji huziona. Kenneth Regan, profesa wa kompyuta huko Buffalo, Marekani, hakukimbilia kushutumu. Alijenga modeli inayozingatia ugumu wa kila nafasi ubaoni na kutoa alama ya z, yaani umbali kati ya kilichotarajiwa na kilichoonekana, ukipimwa kwa mtawanyiko wa kawaida.

Ile asilimia ya usahihi ambayo tovuti za sataranji huonyesha kila mchezo unapokwisha, nayo ikashangiliwa, hupanda pia mpinzani anapocheza ovyo. Muda wa kufikiri hufichua zaidi, kwani anayengoja jibu la programu huelekea kutumia sekunde zilezile kwa hatua nyepesi na kwa ngumu. Chess.com, tovuti ambako michezo hiyo ilichezwa, ilifanya vyema kumsafisha Nakamura, lakini vizingiti vyake vya kubaini udanganyifu imevifungia ndani, wakati Regan alichapisha mbinu zake ili wataalamu wengine wazikosoe.