Shukrani ya Aliye Mbali na Kwao: Maneno Juu ya Kitabu cha Bibi Salme wa Unguja

Walimu wengi hupenda kuandika habari za safari, na karibu wote hufikia neno lile lile, ya kuwa mtu akienda mbali hurudi na shukrani kwa nchi yake. Wahenga nao walitutangulia waliposema, Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Neno hilo ni la kweli, wala hatuna nia ya kulipinga. Lakini twaona halijapimwa vya kutosha. Shukrani hiyo izaliwayo ugenini ni kitu gani? Je, humfumbua mtu macho apate kuiona nchi yake jinsi ilivyo, au humfumba asione ila yale ayapendayo? Tumetaka kulipima jambo hili kwa kitabu kimoja, ambacho mwandishi wake alizaliwa katika visiwa vyetu, akafia Ulaya, wala moyo wake haukuondoka pwani hata siku moja.

Kitabu hicho ni kumbukumbu za maisha ya Bibi Salme binti Said, kilichopigwa chapa mjini Berlin mwaka wa 1886 katika lugha ya Kijerumani. Salme alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, naye ni binti wa Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja. Alipokuwa kijana alifahamiana na mfanya biashara wa Hamburg jina lake Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka wa 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Waingereza, na tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa na kuolewa siku ile ile moja, akaitwa Emily Ruete. Wakaenda Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe alipatwa na ajali ya gari la reli livutwalo na farasi, akafa, akamwacha mjane mgeni katika nchi ya baridi, na watoto wadogo watatu, ambao mkubwa wao hajatimiza miaka mitatu.

Twalitaja jambo hilo la watoto kwa sababu ndilo lililozaa kitabu. Mwandishi mwenyewe aeleza ya kuwa alianza kuandika miaka tisa kabla ya kupiga chapa. Aliona amechoka mwili na roho, akadhani hataishi hata watoto wake wakue, wala wao hawakujua habari za asili yake ila kidogo tu. Basi akaandika ili wasije wakawa watu wasio na kwao upande wa mama. Hilo ni kusudi jema kupita yote, na kila mzazi aliyelea watoto wake mbali na kijiji alikozaliwa atalifahamu mara moja.

Tuseme kwanza uzuri wa kitabu, maana ni mwingi. Hakuna kitabu kingine cha zamani zile kituingizacho ndani ya majumba ya Unguja namna hii. Twaliona jumba la Mtoni, maili chache kaskazini ya mji, lenye mto upitao uani kwenda baharini, na ua uliojaa paa, tausi, mbuni na bata. Twamwona Seyyid Said mzee akitembea huku na huku peke yake katika baraza ielekeayo bahari, ameinama kwa mawazo. Twawaona watoto wakikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, wakijifunza kuandika juu ya mfupa wa bega la ngamia uliokaushwa mpaka ukawa mweupe. Mabinti hawakufundishwa kuandika, ila kusoma tu. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri, akizifuatisha herufi za Kurani. Kama asingalikaidi desturi ile, sisi leo tusingalikuwa na kitabu hiki.

Angalieni, wasomaji, ni mambo ya namna gani aliyoyaandika. Si vita wala mikataba tu, bali harufu, chakula, mavazi, mchezo wa watoto, jinsi wageni wanavyopokewa, jinsi mgonjwa anavyotazamwa. Mtu aliyekaa kwao siku zote hayaandiki hayo, kwa kuwa hayaoni, kama vile samaki asivyoyaona maji. Salme aliyaona alipoyakosa. Huko Hamburg, katika nyumba zilizofungwa milango kwa baridi, alijua ya kuwa mlango ulio wazi ni kitu cha kutajwa. Katika jambo hili usemi wa walimu wetu umethibitika kabisa: safari humpa mtu macho.

Lakini si macho tu. Safari humpa pia watu wa kushindana nao, na hapa ndipo kitabu kinapoanza kuyumba. Salme aliandika kwa Kijerumani katikati ya watu walioidharau nchi yake bila ya kuijua. Kwa hiyo karibu kila sura ina wasikilizaji wawili: watoto wake, ambao awasimulia kwa upole, na majirani wa Ulaya, ambao ashindana nao. Akisimulia shule, mara ageuka kuzilaumu shule za Ulaya kwamba zawachosha watoto kwa masomo mengi. Akisimulia hali ya wanawake, mara ageuka kuonyesha kwamba Ulaya nako ndoa za machozi ni nyingi. Mengi ya hayo ni kweli, na mengine yafaa Wazungu wenyewe wayafikiri. Hata hivyo, mtu anayeitetea nyumba yake mbele ya mtukanaji haangalii tena ufa uliomo ukutani. Shukrani ikigeuka kuwa utetezi hupoteza yale macho iliyoyapata.

Jambo hili laonekana wazi katika sura ya utumwa. Hapo Salme ajaribu kuwashawishi wasomaji wake ya kuwa utumwa wa nchi za Waarabu haufanani na ule wa Marekani, ya kuwa watumwa wa kwao walitunzwa vizuri baada ya kufika, na ya kuwa Waingereza walifanya haraka mno kuukomesha. Sisi tusomao sura hiyo hatuwezi kuipita kama watu wapitao njia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka wa 1873, na mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa lililojengwa mahali pale pale. Wengi wa wanafunzi wa kwanza wa shule za misioni ya pwani, Mbweni, Kiungani na Freretown, walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Hao nao walikuwa na kwao. Nao waliota usiku habari za mito na mashamba, wakaamka katika nchi ngeni.

Tukitaka kusikia upande wao, tukisome kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934. Baba yake alikuwa Myao, aliyetekwa, kisha akaokolewa na kuletwa Mombasa. Kitabu hicho nacho kina upungufu wake, maana chawasifu mno waokozi, kana kwamba historia ya watu hao ilianza siku walipookolewa. Lakini chatukumbusha jambo ambalo Salme amelisahau: katika Unguja ile aliyoilia, maelfu ya watu walikuwa wasafiri kuliko yeye. Yeye alipanda chomboni kwa hiari yake, wao walifungwa. Wahenga husema, Mkosa kwao mtumwa. Methali hiyo huwa tunawaambia vijana wanaodharau asili yao, lakini tukiitazama vizuri twaona yasema pia habari za yule aliyenyang'anywa kwao.

Tena hatuhitaji kutoka nje ya kitabu cha Salme ili kumjibu. Kitabu chenyewe chamjibu. Katika sura ya kwanza kabisa asimulia habari za mama yake, Jilfidan, mwenyeji wa nchi ya Wacherkesi upande wa milima ya Kaukasi. Baba wa Jilfidan alikuwa mkulima. Vita vilipoingia, jamaa walijificha chini ya ardhi. Wanyang'anyi wakawaona, wakawaua baba na mama, wakawachukua watoto watatu juu ya farasi. Kaka alipelekwa njia nyingine. Mdogo wao wa kike, mwenye miaka mitatu, alikuwa akilia akimtaka mama yake. Nao dada wawili wakakaa pamoja mpaka jioni, kisha wakatengwa, wala Jilfidan hakusikia tena habari za ndugu zake mpaka kufa kwake. Aliletwa nyumbani kwa Seyyid Said angali mtoto mdogo. Jino lake la kwanza la utoto lilimtoka humo humo jumbani.

Salme aandika habari hizi kwa huruma isiyo na makuu, na kwetu sisi hizi ni kurasa bora za kitabu chote. Lakini mtu aliyeweza kuandika kilio cha mtoto yule wa miaka mitatu, aliwezaje kufika katika sura ya utumwa akasema kwamba hali yao si mbaya? Jibu, kwa maoni yetu, ni hili. Alipomwandika mama yake alikuwa akisimulia wanawe. Alipoandika sura ya utumwa alikuwa akishindana na Wazungu. Na kuna sababu ya pili. Nyumba aliyoipenda ilisimama juu ya karafuu, na karafuu zilisimama juu ya migongo ya watumwa. Kuukubali ubaya ule kungalikuwa kuutia doa utoto wake wote. Twamwonea huruma kwa hayo, lakini hatuwezi kumpa udhuru.

Ziko kurasa nyingine ambazo hashindani na mtu, nazo ni zile za mwisho, anaposimulia jinsi alivyorudi Unguja mwaka wa 1885, baada ya miaka kumi na tisa. Marejeo yale hayakuwa mepesi. Alifika pamoja na manowari za Ujerumani, wakati Wajerumani walipokuwa wakimlazimisha Seyyid Barghash akubali kutwaliwa kwa nchi za bara. Na haja ya Salme ya kupata urithi wake ilitumiwa na wakubwa kwa shabaha zao wenyewe. Barghash, ndugu yake, alikataa kumpokea. Lakini watu wa mji walimjia njiani kwa salamu. Alipokwenda Mtoni alikuta jumba la kuzaliwa kwake limekuwa magofu. Hapo hasemi kwamba Unguja ni bora kuliko Hamburg. Asimulia tu alichokiona. Nasi twasadiki mapenzi yake hapo zaidi kuliko katika hoja zake zote.

Alikufa Ujerumani mwaka wa 1924. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye huko Hamburg.

Sasa turudi katika swali letu. Kuna mtu mwingine aliyekaa mbali na kwao, naye habari zake zinajulikana kwa wasomaji wetu wote, yaani Nehemia. Alikuwa katika jumba la mfalme huko Shushani, hana njaa wala baridi, naye aliposikia ya kuwa kuta za Yerusalemu zimebomoka aliketi akalia. Mpaka hapo afanana na Salme. Lakini katika maombi yake ya kwanza aliungama dhambi za watu wake, akajihesabu na yeye mwenyewe pamoja na nyumba ya baba yake. Tena aliporudi na kuanza kujenga, akasikia kwamba wakubwa wa nchi wamewatia watoto wa ndugu zao utumwani kwa ajili ya deni, hakusema kwamba utumwa wa Wayahudi si mbaya kama wa mataifa. Alikasirika, akawakemea mbele ya mkutano. Aliipenda nchi yake zaidi ya kuta zake, maana aliwahesabu na wale wa chini kuwa ndio nchi.

Kwa kipimo hicho twasema kwamba kitabu cha Bibi Salme ni kitabu kikubwa chenye shukrani nusu. Kisomwe, tena kisomwe na watu wa pwani na bara, kwa kuwa kimehifadhi mambo yasiyopatikana kwingine, na kwa kuwa mwandishi wake aliteseka kwa kweli. Barua zake pia, zilizotolewa miaka mingi baada ya kufa kwake, zafaa kusomwa, maana zaonyesha uchungu wa ugeni kuliko kitabu chenyewe. Lakini kisomwe na mtu aliye macho, awezaye kupenda ukurasa mmoja na kuukataa mwingine.

Vijana wetu wengi husafiri siku hizi kwenda mijini na ng'ambo kutafuta elimu na kazi, nao huandika barua nyumbani wakisema kwamba sasa ndipo walipojua uzuri wa kijiji chao. Barua hizo hufurahisha wazee, wala hatutaki zikome. Twawaomba neno moja tu. Mkumbukapo ua wa nyumbani uliofagiwa vizuri, mkumbukeni na yule aliyeufagia, mkaulize kama naye aliuona uzuri huo. Mkimkuta mtu kijijini asiye na shamba, au mjane aliyenyimwa haki yake, au mtoto wa kulelewa alalaye jikoni, msiwafiche wageni wala msijifiche ninyi wenyewe. Atakayerudi na shukrani za namna hiyo atakuwa na kazi ya kufanya siku ile ile atakapotua mzigo wake.