Sauti Kwanza, kwa Kipimo

Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare hufundisha jambo hili mapema: lori likishazama kwenye tope, wote walio nyuma yake husubiri, awe mwenye mgonjwa au mwenye gunia la mchele. Fundi wa mtandao analijua lori hilo. Kwake ni pakiti ya data ya baiti 1,500.

Tuchukue kituo kinachotegemea setilaiti, chenye kilobiti 128 tu kwa sekunde za kupandishia. Pakiti hiyo moja huziba mlango kwa milisekunde 94. Setilaiti yenyewe iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka tu ni robo sekunde. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti ifike ndani ya milisekunde 150, na mpaka wa mwisho ni 400. Basi fundi hajagusa kitu, na kipimo cha kwanza kimeshapitwa. Nafasi iliyobaki malori mawili yanaimaliza. Ndiyo maana naona uzuri wa ufundi huu uko huku, si mijini ambako upana wa njia huficha uzembe.

Sauti itangulie: hilo kila mwanagenzi hulisema. Lakini lori lililokwisha kuingia mlangoni halirudishwi nyuma hata na mgonjwa mahututi, kwa hiyo fundi hulikatakata kabla: vipande vya baiti 160, kila kimoja milisekunde 10, na sauti hupenya katikati yao. Kisha huja kikomo cha simu. Simu moja kwa kodeki ya G.729, inayobana sauti, hutoa pakiti 50 kila sekunde na, pamoja na vichwa vyake, hula kilobiti 24. Zikiwa tano bila kikomo, zimekula 120, na ripoti ya mwezi ya zoni ya afya, inayongoja kuingia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, haisogei. Mimi naitengea sauti fungu la simu mbili. Ya tatu ijibiwe kwamba njia imejaa, kwani ikiingia katika fungu hilo itazikwaruza zote. Kumnyima mtu simu kunauma, na sijapata njia ya kufanya kusiume.

Vidio ndiyo ngumu. Ina haraka ya sauti na mwili wa lori. Ukiiweka foleni moja na sauti, sauti ndiyo itakayoumia. Kwenye njia pana naipa foleni yake na fungu lake. Kwenye hii ya 128 naizima: afadhali muganga wa Kabambare amsikie vizuri mwenzake wa Kasongo kuliko kuutazama uso ulioganda.

Data iliyobaki haihitaji haraka, inahitaji haki. Mwaka 1985 mhandisi John Nagle alipendekeza katika andiko lake kila mtumaji awe na foleni yake, nazo zihudumiwe kwa zamu, ili anayepakua kwa pupa ajizibie mwenyewe, asimzibie jirani. Katika andiko hilohilo alionyesha kuwa ghala la pakiti lisilo na mwisho haliokoi kitu: pakiti hungoja humo mpaka muda wake upite. Nimeona ruta zenye maghala makubwa mno, na watu wakidhani mvua ndiyo iliyoharibu mtandao.

Fungu la sauti lisipotumika halilali bure. Foleni nyingine hulichukua. Usiku, simu zikinyamaza, ripoti ya zoni hupata mlango mzima.