Sentensi za Brutus na Sentensi za Antony

Wanafunzi wengi hukariri majina ya mapambo ya usemi wa Kiingereza kama mtu akaririvyo majina ya miji asiyopata kuifika. Mmoja wao akiulizwa takriri ni nini, hujibu mara moja. Akiulizwa mwandishi aliitumia kwa nini, husema kuwa aliitumia ili kuipamba lugha. Jibu hilo halitoshi. Pambo huvaliwa likavuliwa, na mvaaji akabaki yule yule. Lakini sentensi ikibadilishwa umbo, maana nayo hubadilika, na pengine watu hufa. Ushahidi wa neno hili nautoa katika mchezo wa Julius Caesar, ambao William Shakespeare aliuandika karibu na mwaka 1599, na ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, tafsiri yake ikatolewa mwaka 1963.

Caesar ameuawa na wakubwa wa Roma, na Brutus ni mmoja wao. Umati wataka kuelezwa sababu. Brutus asema kwanza, kwa nathari. Kisha Antony, rafiki wa marehemu, asema kwa mashairi yasiyo na vina. Baada ya hotuba ya kwanza watu wamshangilia Brutus. Baada ya ya pili waondoka na moto kwenda kuichoma nyumba yake.

Brutus ni fundi wa sentensi ya mizani. Plutarch, ambaye Shakespeare alimsoma katika tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, asimulia kwamba Brutus alipoandika barua kwa Kiyunani alipenda maneno machache yaliyokatwa. Shakespeare ampa usemi unaofanana na huo. Sentensi yake iliyo maarufu ina vipande vinne, na kila kipande kina sababu na tendo lake: Caesar alimpenda, naye amlilia, alibahatika, naye afurahi, alikuwa shujaa, naye amheshimu, lakini alitaka ukuu, naye akamwua. Sikio lililokwisha kuzoea mwendo wa vipande vitatu vya kwanza hukipokea cha nne pasipo kukipima. Kwamba Caesar alitaka ukuu ndilo jambo lililopaswa kuthibitishwa, nalo limepita kama mgeni asiye na ruhusa aliyeingia arusini katikati ya jamaa.

Yafuatayo yatisha zaidi, na wasomaji wengi huyapita. Brutus ayarudia yale yale manne, ila safari hii aondoa vitenzi na kuacha majina matupu: kwa pendo kuna machozi, kwa bahati furaha, kwa ushujaa heshima, na kwa tamaa ya ukuu kifo. Aliyeua yuko wapi? Katika sentensi ya kwanza alisema kwa kinywa chake kwamba ni yeye. Katika ya pili kimebaki kifo tu, kana kwamba kilikuja chenyewe kama mvua. Kiswahili nacho chaweza kuificha mikono hivyo hivyo kwa neno moja, aliuawa.

Kisha aja na maswali. Auliza ni nani aliye duni hata apende kuwa mtumwa, ni nani asiyeipenda nchi yake; ajitokeze, maana huyo ndiye aliyemkosea. Maswali haya hayaulizi kitu. Yeyote atakayejibu amekwisha kujitangaza kuwa mtumwa au msaliti, kwa hiyo wote wajibu kwamba hakuna, naye ahesabu jibu lao kuwa ridhaa. Sidhani kwamba Brutus ni mwongo. Amejidanganya mwenyewe kwanza. Ila hotuba yake haikueleweka, maana mmoja katika umati apiga kelele kwamba Brutus na afanywe Caesar! Amemwua mtu ili pasiwe na mfalme, nao wataka kumtawaza yeye.

Antony hana ruhusa ya kuwalaumu wauaji, basi awasifu. Arudia mara kwa mara kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Hii ndiyo takriri ambayo kila mwanafunzi huitaja. Lakini itazameni pamoja na kiunganishi chake. Mara ya kwanza Antony aiunga kwa neno la sababu: amepewa ruhusa ya kusema kwa maana Brutus ni mtu wa heshima. Baadaye aiunga kwa "na" tupu. Caesar alileta mateka ambao fidia zao zilijaza hazina. Caesar aliwalilia maskini. Caesar alikataa taji mara tatu. Brutus asema alitaka ukuu, na Brutus ni mtu wa heshima. "Na" huweka mambo mawili bega kwa bega bila ya kuyahukumu, na hukumu ikaachwa kwa msikilizaji. Mtu hulipenda sana wazo analodhani kuwa amelizaa mwenyewe. Kisha Antony anyamaza, asema moyo wake umo jenezani pamoja na Caesar. Na katika kimya hicho watu waanza kusemezana wao kwa wao kwamba maneno yake yana haki.

Darasani kwetu sote tulimpenda Antony, mpaka mwenzetu mmoja alipouliza swali. Antony aonyesha matundu katika joho la marehemu: hili ni la Cassius, hili la Casca, hili la Brutus. Alijuaje? Alikwisha kuvutwa nje na Trebonius kabla ya kisu cha kwanza. Tulifungua vitabu tukatafuta, na hatukupata jibu. Mtu ajiitaye asiye msemaji, mtu wa maneno ya wazi tu, alikuwa akitunga.

Umati haukuuliza. Watu wale walimkuta njiani mshairi aitwaye Cinna, wakamwua kwa kuwa jina lake lilikuwa sawa na la mmoja wa wauaji. Wakati huo wosia wa Caesar ulikwisha kusomwa, nao uliahidi kila raia drakma 75. Katika tendo la nne Antony aketi na wenzake wawili, waandike majina ya watakaokufa. Aagiza wosia ule uletwe, ili watazame jinsi ya kupunguza yale waliyoachiwa watu. Hapo Antony harudii neno wala hanyamazi kwa majonzi. Sentensi zake ni fupi, za amri, na umati haupo.