Injini ya Caravan Ndani ya Land Rover Fupi

Land Rover fupi ile, Series III ya inchi 88, ilikuwa chini ya mwembe kwenye gereji moja ya Mpanda, kando ya barabara ya Sitalike. Boneti ilikwisha vuliwa na kulazwa juu ya matofali. Kiwandani Uingereza waliacha kuzitengeneza mwaka 1985, lakini Katavi bado hazijawa pambo la kupigia picha. Hii ilikuwa ikibeba mpunga kutoka Mwamkulu kwa dizeli yake ya kuzaliwa nayo, cc 2,286, farasi 62 enzi za ujana wake. Uzeeni, sijui walibaki wangapi.

Mwenye gari alitaka 1HZ ya Land Cruiser: silinda sita, cc 4,164. Nani asingeitaka? Fundi hakubishana naye. Alichukua futi, akampa ashike ncha moja ukutani mwa dashibodi, yeye akavuta nyingine hadi kwenye rejeta.

“Hii haiingii, kaka. Ikiingia, rejeta utaibeba mapajani.”

Wakakubaliana TD27, ile ya Nissan Caravan. Silinda nne, cc 2,663, farasi kama 85. Wapenda makuu watasema ni nyongeza ya kichoyo. Kwangu ufundi ulianzia hapo hapo, kwani giaboksi na ekseli zinabaki zile zile, zilizochongwa kwa ajili ya injini ya upole, na ekseli za nyuma za Series zina sifa ya kukatika hata kabla hujazichokoza. Yangu ilikatika njia ya Karema: mlio mmoja mkavu, kisha injini inanguruma na gari limekaa tu, linakutazama.

Sasa, injini ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza hazijuani. Matundu ya bolti hayalingani hata mawili. Katikati yake huwekwa bamba la chuma nene, na bamba hilo haliuzwi dukani. Fundi alichana boksi la sabuni, akalibandika kwenye mdomo wa injini, akagongagonga kingo taratibu kwa kichwa cha nyundo mpaka kila tundu likajichora lenyewe kwenye karatasi. Akafanya vivyo hivyo upande wa giaboksi. Ramani mbili za boksi ndizo alizompelekea mchonga vyuma.

Bamba liliporudi, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Shafti ya giaboksi huingiza ncha yake kwenye beringi ndogo iliyo mkiani mwa krenki. Bamba likienda upande kwa unene wa ukucha tu, shafti inazunguka huku imepinda: klachi haiachii, gia zinalia, na baada ya miezi michache beringi ya mbele ya giaboksi inakufa.

Mashine ya kupimia fundi hana. Alikaza kipande cha waya mgumu kwenye bolti ya flaiwili, akaikunja ncha yake hadi ikakaribia ukingo wa tundu kubwa la bamba. Akaanza kuzungusha injini kwa mkono, polepole, huku akipitisha karatasi ya sigara kati ya waya na chuma. Juu karatasi ilibanwa. Chini ikapita bila kugusa. Akalegeza bolti, akaligonga bamba kwa kipande cha mti, akazungusha tena. Vijana walikwenda kula wakarudi. Adhana ya alasiri ilipolia, karatasi ilikuwa inakwaruzwa sawasawa pande zote nne, na hapo ndipo akatoboa matundu mawili ya pini ili bamba lisije likahama tena.

Mauntini, hosi, na sampu iliyokatwa na kuchomelewa upya ipishe difu ya mbele vilichukua siku mbili, nami sikuvitazama sana.

Siku ya kuwasha, wengi tulikodolea macho bomba la moshi. Yeye alikuwa anasikiliza klachi. Aliikanyaga, akahesabu kidogo, akatia rivasi badala ya gia ya kwanza. Rivasi ya gari hili haina kitu cha kuilainishia njia. Klachi ikibaki imeshika hata kidogo, utasikia meno yakisagana.

Ikaingia kimya.

Akazima, akamkumbusha mwenye gari kupeleka kadi TRA. Namba ya injini iliyoandikwa humo sasa ilikuwa ya chuma kilicholala majanini pale pembeni, na kuku amekikalia.