Mama na Binti Katika Fremu Moja: Jinsi Lebohang Kganye Alivyoijenga "Ke Lefa Laka"

Mwanamke kijana ameinama kwenye majani, amemshika mtoto mdogo ili asianguke. Ni picha ya familia kama zilizojaa kwenye albamu za nyumba nyingi. Lakini pembeni yake yupo mwanamke wa pili, ameinama vilevile, na mwili wake ni mwepesi kiasi kwamba majani yanaonekana kupitia kwake. Wa kwanza ni mama. Wa pili ni binti yake, Lebohang Kganye, aliyeingia kwenye picha hiyo miaka zaidi ya 20 baada ya kupigwa. Na yule mtoto mdogo ni yeye pia.

Picha hiyo imo katika mfululizo wa mwaka 2013 uitwao "Ke Lefa Laka", yaani "Ni Urithi Wangu" kwa Kisotho. Nimeuchagua kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha sita anayependa upigaji picha anaweza kuufuatilia hatua kwa hatua na kuelewa kila uamuzi uliofanyika. Hakuna hatua iliyohitaji kamera ya bei mbaya. Kilichohitajika ni subira, na maswali mengi kwa wazee.

Kganye alizaliwa mwaka 1990 katika kitongoji cha Katlehong, mashariki mwa Johannesburg. Mwaka 2009, katika umri ambao vijana wetu wengi wanamaliza kidato cha sita, alijiunga na Market Photo Workshop iliyoko Newtown, katikati ya jiji. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1989 na mpiga picha David Goldblatt, ikapokea vijana wa rangi zote wakati sheria za ubaguzi bado zilikuwa zinawatenganisha madarasani. Zanele Muholi na Jodi Bieber, wanaojulikana leo duniani kote, walipita hapo. Msingi wa shule ulikuwa picha za kumbukumbu: toka nje, tazama maisha ya watu, yapige kwa uaminifu. Kganye alimaliza kozi ya juu mwaka 2011. Katikati ya masomo hayo, mwaka 2010, mama yake alifariki.

Huo ndio mwanzo wa kazi yenyewe. Nyumbani zilibaki albamu na kabati la nguo. Kganye alipopitia picha za mama yake wa ujana akagundua kwamba baadhi ya nguo zilizomo bado zimetundikwa kabatini. Akaanza kuzivaa. Kwa msaada wa bibi yake akatafuta mahali ambapo picha zilipigwa, na hadithi ya kila moja: ilikuwa siku gani, walikuwa wanakwenda wapi, nani alikuwepo. Kisha akasimama palepale alipokuwa amesimama mama yake, akaweka mikono ilivyowekwa, akageuza shingo ilivyogeuzwa, akapigwa picha. Mwisho, kwenye kompyuta, akaiweka sura yake juu ya picha ya zamani.

Watu wengi wakiona kazi hii huuliza alitumia programu gani. Naliona swali hilo halifiki kwenye kiini. Kuunganisha picha mbili ni kazi ya mchana mmoja kwa yeyote anayejua matabaka ya picha kwenye kompyuta. Ugumu uko kabla ya hapo, katika kupata picha ya pili itakayokubali kukaa ndani ya ya kwanza.

Tuanze na mahali pa kusimamisha kamera. Ukubwa wa kitu cha karibu ukilinganishwa na cha mbali unategemea umbali wa mpiga picha, si lenzi. Lenzi inaamua tu ni sehemu gani ya mandhari iingie kwenye fremu. Kwa hiyo anayetaka kurudia picha ya zamani asianze kwa kuvuta lenzi huku na huku. Atafute vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya nyumba na nguzo iliyo nyuma yake, kisha asogee kushoto na kulia, mbele na nyuma, mpaka vitu hivyo vipishane kama vinavyopishana kwenye picha ya zamani. Hapo tu ndipo lenzi irekebishwe.

Kimo cha kamera nacho kinasomeka ndani ya picha. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo wa macho unawakata watu wote waliosimama katika kimo kilekile cha kamera. Ukipita usawa wa macho yao, mpiga picha alikuwa amesimama na ana urefu unaokaribiana nao. Ukipita kiunoni, alikuwa amechuchumaa, au alitumia kamera ya zamani inayotazamwa kutoka juu na kushikwa tumboni. Ukikosea jambo hili, mtu unayemwongeza ataonekana anaelea, na hakuna programu itakayomshusha.

Halafu jua. Johannesburg iko karibu nyuzi 26 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, adhuhuri, jua linasimama upande wa kaskazini, nyuzi 40 tu juu ya upeo, hivyo kivuli cha mtu kinakuwa kirefu kuliko mtu mwenyewe. Mwezi Desemba, saa hiyohiyo, jua liko karibu utosini na kivuli kinajikunja miguuni. Ndiyo maana picha ya kipupwe hairudiwi kiangazi katika jiji lile. Kwetu mambo ni tofauti. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, na jua la adhuhuri linakuwa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kisha linahamia kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Mwanafunzi wa pwani akikuta kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini kwenye picha ya babu yake, tayari anajua ilipigwa miezi gani. Ni upelelezi mtamu, na somo la jiografia limo ndani yake.

Sasa tufike kwenye uamuzi ninaouheshimu kuliko yote. Kganye angeweza kujipachika akaonekana kamili, mtu wa nyama na damu kando ya mama yake. Kompyuta inaruhusu. Akaamua kujiacha mwepesi, tabaka lake limepunguzwa uzito hadi ukuta, majani na mlango vinaonekana kupitia mwilini mwake. Tazama pia ni nani aliyefanywa kivuli. Aliyekufa ndiye aliye imara kwenye picha, na aliye hai ndiye anayepita kama mzuka. Mama ana haki ya mahali pale. Binti ni mgeni. Uamuzi huo wa kiufundi, wa kiwango cha uwazi wa tabaka moja, umebeba maombolezo yote ya mfululizo huu.

Tena hakulazimisha miili miwili ilingane. Kwenye picha kadhaa mkono wa binti umepita kidogo ule wa mama, na kichwa kimeinama kwa namna yake. Mwalimu mkali angeagiza zipigwe upya. Mimi naona pengo hilo dogo ndilo linaloumiza, kwa kuwa linaonyesha mtu anayejitahidi kumfikia mwingine na hamfikii.

Ufundi wa kuunganisha picha haukuanza na kompyuta. Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyefariki mwaka 1993, aliunganisha sura na mapambo kwa mikono katika studio yake, na wateja wake walipenda. Johannesburg kwenyewe, Santu Mofokeng alikuwa amekusanya picha za familia za Waafrika za kati ya 1890 na 1950 na kuzigeuza kazi ya sanaa, akionyesha kwamba albamu ya nyumbani ni hati ya historia. Kganye alikuja baada yao, akaongeza jambo moja: yeye mwenyewe akaingia ndani ya albamu.

Alipogeukia babu yake, mbinu ilibidi ibadilike. Babu huyo, wa kwanza katika ukoo kuhamia Transvaal, jimbo la wakati huo lililokuwa na Johannesburg, kutafuta kazi, alifariki kabla Kganye hajazaliwa. Hapakuwa na kumbukumbu ya kuigiza. Hivyo akachapisha picha za ukoo kwa ukubwa wa watu halisi, akazikata na kuzisimamisha kama sanamu bapa, akavaa suti na kutembea katikati yao. Mtu usiyemjua huwezi kumvaa, unaweza tu kumjengea jukwaa. Mwaka 2024 Kganye alipewa tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse jijini London kwa maonyesho yaliyokua kutokana na mbinu hizi.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, vifaa vipo nyumbani. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi inatosha kuchapishwa upya kwa ukubwa wa mara mbili bila kupoteza ubora. Kama hakuna skana, iweke mezani karibu na dirisha, simu iwe sambamba nayo, zima mwanga wa kamera. Usiibandike kwa gundi wala usiitoe kwa nguvu kwenye albamu ya nailoni iliyoganda.

Lakini kabla ya kuskani chochote, likizo hii kaa na bibi au babu, fungueni albamu pamoja, uulize kila picha ilipigwa wapi, na nani, na nguo zile ziko wapi sasa. Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Walimu wa sanaa nao walifanye hilo kuwa zoezi la kwanza la muhula. Kamera itasubiri, wazee hawatasubiri.