Picha za Kate Greenaway Mbele ya Mwanafunzi wa Muhima

Kate Greenaway, mchoraji Mwingereza aliyeishi tangu mwaka 1846 hadi 1901, amesifiwa sana kwa vitabu vyake vya nyimbo za watoto, na sifa hizo hatukusudii kumpokonya. Tunalouliza hapa ni swali la kiualimu: picha zake zafaa kiasi gani katika kufundishia lugha?

Kitabu chake Under the Window kilitoka mwaka 1879, toleo la kwanza likiwa la nakala 20,000. Mwaka 1881 kikafuatwa na Mother Goose, mkusanyo wa nyimbo za kale za watoto wa Kiingereza. Vyote viwili vilipigwa chapa na Edmund Evans wa London, fundi wa vibao vya mbao, ambaye bila ustadi wake zile rangi tulivu zisingemfikia msomaji.

Greenaway alizaliwa Hoxton, mtaa wa London, lakini mji huo hauonekani sana katika kurasa zake. Watoto wake wamevikwa mavazi ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, mavazi ambayo aliyashona mwenyewe na kuwavika watoto aliowachora. Kwa hiyo asemaye kwamba picha hizi ni ngeni kwetu amesema nusu tu. Zilikuwa ngeni hata kwa wasomaji wake wa kwanza. Sisi kasoro tunaiona katika utulivu wake. Nyimbo zenyewe zimejaa watoto wapandao kilima kuteka maji, waangukao na kuumia; yeye mara nyingi huwasimamisha nadhifu, kana kwamba wanangoja kutazamwa.

Kwa jicho la sarufi, picha ya Greenaway hutoa nomino: kofia, gauni, ua, kikapu. Vitenzi ni haba. Nchini Rwanda Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, lakini wanafunzi wengi nyumbani husema Kinyarwanda. Mwanafunzi wa Muhima hahitaji kuonyeshwa kilima. Mtaa wake wenyewe umelala mteremkoni. Anachohitaji ni kupanda, kuteleza, kujikwaa, kumwaga.

Vitenzi hivyo tunavipata kwa Randolph Caldecott, aliyezaliwa mwaka uleule na kupigiwa chapa na Evans yuyo huyo. Mwaka 1882 alichora wimbo ambao sahani inatoroka na kijiko. Wimbo unakomea hapo. Caldecott anaongeza picha isiyo na neno hata moja: sahani imelala vipande vipande, na kijiko kinaondolewa katikati ya uma na kisu, wazazi wake bila shaka. Katika wimbo mwingine wa kitabu hichohicho, mtoto mchanga aliyeletewa ngozi ya sungura anatembezwa akiwa ameivaa. Huko kilimani sungura hai wanamkodolea macho.

Picha hiyo ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa walimu wenzetu. Watoto wa Rwanda wanamjua sungura kwa jina la Bakame, mjanja wa hadithi zao, na jina hilo ndilo lililochukuliwa na shirika la vitabu vya watoto lililoanzishwa Kigali mwaka 1995. Waulizwe tu sungura wale wanawaza nini: wanashangaa, wanaogopa, wanamtambua ndugu yao, au wanapanga kukimbia? Ile ya Greenaway na ihifadhiwe kwa siku ya somo la mavazi.